Kipande cha Chuma cha Kalibu

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mababu, ni ya juzi tu, maana baadhi ya waliokuwapo bado wanakula na kulala, palikuwa na kiwanda cha sabuni. Nawasimulia kama nilivyosimuliwa. Anayetaka kubisha angoje nimalize, na anayetaka kusinzia aende kwao, kwa sababu mwishoni mimi ndiye nitakayeuliza na nyinyi ndio mtakaojibu.

Kiwanda kile kilikuwa na masufuria manne. Msidhani nasema sufuria za wali wa arusi. Kila moja lilikuwa refu kupita mtu, tena lenye kuta mbili: ndani yanachemka mafuta ya nazi na magadi, na katikati ya kuta unapita mvuke. Masufuria matatu yalikuwa ya feleji, yaani chuma cha pua. Moja, la tatu ukihesabu kutoka mlangoni, lilikuwa kongwe kuliko mengine, nalo lilikuwa la chuma cha kalibu, yaani chuma kilichoyeyushwa, kikamiminwa kwenye umbo lake, kikaachwa kipoe. Lakini ukiyatazama yote manne usingejua lipi ni lipi. Pale kiwandani walikuwa na desturi yao: kila mwaka, wiki moja kabla mkaguzi hajafika, vitu vyote hupakwa rangi ya fedha. Masufuria, mabomba, ngazi, mpaka ndoo za kuzimia moto. Rangi juu ya rangi, mwaka juu ya mwaka, hata vibao vya mtengenezaji vilivyoandikwa aina ya chuma vikafunikwa humo, na hakuna aliyevikumbuka.

Mtu wetu katika hadithi hii ni Mwantumu. Alikuwa mfungaji sabuni, kutwa anakunja karatasi, na vidole vyake vilikuwa vimekauka kwa magadi. Mumewe, Semkiwa, alikuwa mpishi wa sufuria la tatu, mwaka wa kumi na moja huo. Waliishi nyumba moja na mama yake Semkiwa, Bi Chambai. Nyumba ya pili alikaa Ngoda, msaidizi wa Semkiwa, pamoja na mkewe Mwanasha. Mwantumu na Mwanasha walitumia kinu kimoja, na mwenye chumvi alimpa asiye na chumvi bila kuombwa.

Na palikuwa na Kaduma, fundi wa kipimo. Huyu alikuwa mtu wa bara, mkavu, asiyetaniana na mtu. Kazi yake ilikuwa kujua kuta za masufuria zimeliwa na kutu kiasi gani bila kuzitoboa. Alikuwa na kimashine cha kushika mkononi, chenye waya, na mwisho wa waya kifundo kidogo mfano wa kifungo cha koti. Anakwangua rangi mahali padogo, anapaka grisi, anabandika kifundo. Sauti ambayo sikio haliisikii inaingia kwenye chuma: inakwenda, inagonga upande wa pili, inarudi. Mashine inahesabu muda wa safari ile, kisha inaandika unene.

"Hii mashine haijui chuma," Kaduma alikuwa akiwaambia watu, wawe wamemuuliza au hawakumuuliza. "Inajua muda tu. Na sauti haina mwendo mmoja. Kwenye feleji inakimbia, kwenye chuma cha kalibu inajikokota. Lazima uiambie kwanza iko kwenye chuma gani. Ukiidanganya, na yenyewe inakudanganya."

Kwa hiyo alikuwa na sanduku la mbao, linakaa stoo. Ndani yake vipande vitano vya chuma vilivyochongwa kama ngazi, kila daraja limeandikwa unene wake: cha feleji, cha kalibu, cha shaba, na vingine viwili. Kabla hajapima kitu, anatoa kipande cha chuma kile kile, anakipima, anairekebisha mashine mpaka isome sawasawa na kilichoandikwa. Ndipo anakwenda kwenye sufuria. "Kila chuma na kipande chake," ndiyo ilikuwa salamu yake. Wafungaji sabuni wakimwona kwa mbali walikuwa wakiambizana, "Kila chuma na kipande chake huyo anakuja," basi wanacheka mpaka apite.

Sasa mwaka ule kiwanda kilileta feni kubwa kwenye chumba cha kufungia, maana wanawake walikuwa wakianguka kwa joto. Feni ikawashwa, karatasi zikaruka chumba kizima. Mwantumu akaenda stoo kutafuta kitu cha kukandamizia. Sanduku lilikuwa wazi, mlinda stoo hayupo. Akaona kipande cheusi, kizito, chenye vidaraja. Akakichukua. Hakukificha, alikiweka mezani juu ya karatasi zake, kila mtu akakiona, na hakuna aliyekuwa na habari kwamba ni kitu cha maana. Kikakaa pale miezi mitatu.

Ikaja siku ya kupima. Kaduma akafungua sanduku, akakuta tundu la kalibu tupu. Akaja akasimama kwenye mlango wa chumba cha kufungia, na uso wake hamngependa kuuona.

"Nani kachukua kitu kwenye sanduku langu?" akauliza. "Namtaka aliyechukua, sasa hivi."

Nawaombeni msimhukumu Mwantumu haraka. Juma lililotangulia, mwenzao mmoja alifukuzwa kazi kwa kipande cha sabuni kilichokutwa kwenye pindo la kanga yake. Kipande chenyewe hakikutosha kufulia soksi. Mwantumu alisikia lile neno "kachukua", mkono wake ukavuta karatasi na kukifunika kile chuma kabla akili haijaamua.

"Hatukuona kitu," wakasema wanawake.

"Hatukuona," akasema Mwantumu.

Moyoni alisema, saa ya chakula nitakirudisha kimyakimya. Na kweli, saa ya chakula alikipitisha chini ya kanga mpaka stoo. Akakuta sanduku limeshafungwa kwa kufuli, na Kaduma ameshamaliza kupima. Akarudi nacho mezani.

Maana Kaduma hakungoja. Alipotoka mlangoni pale alikwenda moja kwa moja kwa Shelukindo, msimamizi wa kiwanda.

"Kipande cha kalibu hakipo," akamwambia.

"Cha nini? Masufuria yangu yote ni feleji."

"Una hakika, bwana?"

"Kwani mimi nimeanza kazi jana? Mkaguzi anaingia kesho. Kabla ya adhuhuri nataka karatasi yako mezani."

Nyuma ya kiti cha Shelukindo palikuwa na kabati, na kwenye kabati kitabu cha masufuria, na kwenye kitabu ukurasa wa sufuria la tatu, umeandikwa wazi kwamba ni chuma cha kalibu. Kulifikia kabati asingelazimika hata kusimama. Hakugeuka.

Kaduma akairekebisha mashine kwa kipande cha feleji, akapima la kwanza, akapima la pili. Akafika la tatu. Ukikwangua feleji kwa tupa hutoka vinyuzi vinavyometa. Hapa ulitoka unga mweusi, ukamganda vidoleni kama masizi ya chungu. Kaduma akautazama unga ule. Akautazama tena. Halafu akafuta vidole kwenye ovaroli, akapaka grisi, akabandika kifundo.

Sauti ikaenda, ikajikokota, ikagonga, ikarudi imechelewa. Mashine, ambayo imeambiwa hii ni feleji, ikadhani kuchelewa kule ni unene. Ikaandika milimita tisa. Ukuta wenyewe ulikuwa saba. Na sheria ya pale ilisema chini ya nane mvuke usifunguliwe.

Semkiwa alikuwa amesimama pembeni, ameshika kitambaa cha kufutia. Yeye alijua. Miaka kumi na moja unapika kwenye kitu kimoja usikijue? Sufuria lile alikuwa akiliita Bibi, kwa sababu lilichelewa kupata moto na lilichelewa kupoa, si kama yale mengine. Tena siku mbili nyuma alikuwa ameona, chini karibu na mguu, mstari wa umajimaji mwembamba kama jasho. Aliupangusa. Jioni, wakila, alimwambia mkewe.

"Bibi anatoka jasho."

"Umesema kazini?" Mwantumu akauliza.

"Nikisema watalifunga. Wakilifunga wananipeleka kusukuma mikokoteni, kama sikuwahi kuwa mpishi. Ngoja kwanza mkaguzi apite."

Mwantumu akamwongezea mchuzi, na mazungumzo yakaenda kwingine.

Mkaguzi akaja, akakuta kila kitu kinang'aa, akasoma tisa, akatia sahihi, akaondoka. Siku ya tisa baada ya hapo, saa tano asubuhi, ukuta wa nje wa sufuria la tatu ulipasuka kwa chini. Semkiwa na Ngoda walikuwa hapo hapo. Sitaeleza mvuke na sabuni inayochemka humfanya nini mwanadamu. Ngoda alikufa palepale. Semkiwa aliishi mpaka alasiri, akaomba maji mara mbili. Kule chumba cha kufungia jengo lilitikisika, karatasi za wote zikamwagika sakafuni. Za Mwantumu hazikumwagika.

Geji ya mvuke ilikutwa mshale wake umekwama kwenye sita. Kikomo kilikuwa tano. Kabla maiti hazijaoshwa Shelukindo alikuwa ameshasema, na watu wameshabeba: Semkiwa kazidisha mvuke, kajiua na kamuua mwenzake. Kaduma alikuja mazikoni, akachimba kaburi kwa mikono yake.

Siku ya tatu Mwanasha aliingia uani kwa Bi Chambai. Hakupiga hodi. Akachukua mchi wake, akaacha kinu, akatoka. Tangu siku ile nyumba zile mbili hazikusalimiana. Bi Chambai akienda bombani wanawake wanamwachia nafasi, na si kwa heshima. Akiketi, wengine wanainuka. Mwisho akaacha kutoka. Arobaini ya mwanawe ikasomwa na watu sita, na wawili kati yao walikuwa wa kulipwa.

Akamwita mkwewe chumbani.

"Mwanangu," akamwambia, "wewe umo mle kiwandani. Mimi sijui geji wala mvuke. Lakini nilizaa mtoto mmoja, na sasa nikimtaja watu wanatema mate. Kama kuna unachokijua cha kumsafisha mume wako, kaseme. Sitaki kingine duniani. Nataka nitoke nje nisalimiwe."

"Nimekusikia, mama," akasema Mwantumu. Kile kipande kilikuwa ndani ya sanduku lake la nguo, kimefungwa kwenye kitambaa. Alikuwa amekitoa mezani siku ile ile ya msiba.

Basi akaja mkaguzi mwingine, safari hii kutoka mkoani. Mwanamke wa makamo, miwani imefungwa kwa uzi, asiyetaka chai ya mtu. Akakwangua rangi mpaka akakifikia kibao. Akaugonga ukuta kwa nyundo ndogo, ukalia bubu. Akapima mahali palipopasuka kwa kalipa, kile kikoleo cha kubania chuma na kusoma unene wake. Ilikuwa saba. Halafu akawakusanya watu kwenye chumba cha kulia chakula, akaweka karatasi mezani.

"Feleji ya milimita tisa isingepasuka kwa mvuke wa sita," akasema. "Kalibu ya saba hata wa nne ni hatari. Nataka kujua ilikuwaje saba ikaandikwa tisa. Anza wewe, msimamizi."

"Mimi si fundi, mama," akasema Shelukindo. "Mimi kazi yangu ni watu na muda. Fundi wa chuma ninaye, namlipa ajue chuma. Kama alikuwa na shaka angekataa kutia sahihi."

"Kitabu cha masufuria kiko wapi?"

"Kilipotea zamani, mama."

Kaduma akainuka. "Mimi niliomba kipande changu sikupewa," akasema. "Niliuliza chuma gani, nikaambiwa feleji. Nilipewa mpaka adhuhuri. Mashine ilisoma sawasawa kwa jinsi ilivyoambiwa."

"Ungeweza kupima ukingo kwa kalipa, ukairekebisha mashine hapo hapo kwenye sufuria, bila kipande," akasema mkaguzi.

"Kama ningekuwa na shaka, ndiyo. Sikuwa na shaka."

"Ulipokwangua hukuona kitu?"

"Niliona chuma," akasema Kaduma, na macho yake yalikuwa kwenye vidole vyake.

Mtaniuliza mimi nimejuaje habari za ule unga mweusi. Kaduma mwenyewe alizisema, baadaye sana na mbali sana, wakati hazimfai tena mtu. Siku ile alinyamaza.

"Na kipande kiko wapi?"

Kila mtu akamtazama mwenzake. Mkaguzi akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Karatasi hii ina mstari mmoja wa chanzo," akasema. "Kitabu hakipo, kipande hakipo, fundi hakuona kitu. Kilichopo ni mshale kwenye sita. Siandiki ninachokihisi, naandika ninachoweza kukithibitisha." Akachukua kalamu. "Jina kamili la marehemu mpishi?"

Mwantumu alikuwa amekaa mwisho wa benchi. Aliona ncha ya kalamu ikishuka. Alijua kwamba jina lile likiandikwa pale halitafutika, na kwamba mama mkwe wake atakufa ndani ya chumba kile akiwa hajasalimiwa. Akasimama, akatoa kile kitambaa chini ya kanga, akakifungua na kukiweka kipande cha kalibu juu ya meza ya mkaguzi.

"Ni mimi," akasema. "Nilikichukua kukandamizia karatasi. Fundi aliuliza, nikakifunika, nikasema sikuona. Niliogopa nitaitwa mwizi. Angekuwa nacho angeuliza sufuria lake ni lipi, na mume wangu angemjibu. Mume wangu alipika kwa ile tisa aliyopewa. Yeye msimwandike."

Habari ya jasho la Bibi hakuisema. Alikuwa ameimeza, na siku ile hakuitapika. Wala hakusema kwamba yeye mwenyewe aliambiwa akaongeza mchuzi.

Sasa sikilizeni kilichotokea mle chumbani, maana hiki ndicho kinachonichoma mimi kila nikisimulia. Walipumua. Wale wanaume walipumua, ukasikia. Shelukindo akajiweka sawa kwenye kiti. "Basi, mama mkaguzi," akasema kwa upole kabisa, "umesikia mwenyewe, kwa kinywa chake." Kaduma akainamisha kichwa. Angeweza kusema neno moja hapo, neno "unga" tu. Hakusema.

"Yupo mwenye la kuongeza?" mkaguzi akauliza. Aliuliza mara tatu, na mara ya tatu alimtazama Kaduma kwa muda mrefu. Hakuna aliyeongeza. Akaandika, kisha akasoma kwa sauti: kwamba chanzo ni kuondolewa kwa kipande cha kusawazishia kipimo, kulikofanywa na mfungaji sabuni Mwantumu, ambaye alipoulizwa alikana. Jina la Semkiwa halikuwamo.

Habari zilimtangulia Mwantumu kufika nyumbani. Alipofika pembe ya nyumba aliona watu uani. Mwanasha alikuwa amerudi na mchi wake, amemkumbatia Bi Chambai, wote wawili wanalia, na wanawake wa bombani wamewazunguka. "Tusamehe, mama," walikuwa wakisema. "Tulimdhulumu mtoto wako." Mwantumu akasimama pale pale. Kwa kitambo kidogo alifurahi, na ilikuwa furaha ya kweli.

Halafu wakamwona. Mwanasha akageuza uso. Wale wengine wakapungua mmoja mmoja, akabaki Bi Chambai. Kizee yule akaingia ndani, akatoka na sanduku la nguo la mkwewe, akaliweka nje ya kizingiti.

"Mwanangu amesafishika," akasema. "Kwa hilo nakushukuru, na Mungu akulipe. Lakini mimi siwezi kula na mkono ule ule uliokifunika kile chuma."

"Mama, ulinituma mwenyewe niseme."

"Nilikutuma, ndiyo." Akafunga mlango, taratibu, bila kuubamiza.

Shelukindo aliendelea na usimamizi, na mwaka uliofuata alipaka rangi. Kaduma alihamishwa akapewa kiwanda kikubwa zaidi. Semkiwa alisomewa hitma nyingine, uwanja ukajaa. Mwantumu alikwenda zake, na mimi sijui anakula wapi.

Nimemaliza yangu, sasa yenu. Yupo aliyekuwa na kitabu nyuma ya kiti chake asigeuke. Yupo aliyeuona unga mweusi akaufuta kwenye ovaroli. Yupo aliyeliona jasho akalipangusa ili abaki mpishi, tena akapandisha mshale mpaka sita. Na yupo aliyefunika chuma kwa karatasi, kisha akawa ndiye pekee aliyekifunua. Msiniambie wote, maana jibu hilo hata mtoto analo, na karatasi ya mkaguzi ilikuwa na mstari mmoja tu. Je, nani alistahili kuandikwa hapo?